Tamko la Monroe: Maneno Yale Yale Chini ya Marais Mbalimbali

Tarehe 2 Desemba 1823 James Monroe, Rais wa tano wa Marekani, alilipelekea Bunge la nchi yake taarifa ya mwaka. Hakwenda kuisoma mwenyewe, maana desturi ya siku zile ilikuwa Rais kuandika na makarani kusoma. Taarifa hiyo ni ndefu. Mna humo habari za hazina, za jeshi na manowari, za posta, za barabara na mifereji, za maharamia, na za Wagiriki waliokuwa wakipigania uhuru wao. Katikati ya mambo hayo mna vifungu vichache ambavyo vimeishi baada ya vingine vyote kusahauliwa, navyo havikuwekwa hata mahali pamoja: kimoja ki karibu na mwanzo, vingine vi karibu na mwisho. Havikupewa kichwa wala jina.

Kifungu cha kwanza chasema kwamba mabara ya Amerika, kwa vile yamekwisha kupata uhuru na kuushika, hayafai tena kuhesabiwa kuwa mahali pa kutiwa makoloni mapya na dola lolote la Ulaya. Vile vya mwisho vyasema kwamba mfumo wa siasa wa wafalme wa Ulaya walioungana ni mbali na mfumo wa Amerika. Kwamba jaribio lolote la kuueneza mfumo wao katika nusu hii ya dunia litahesabiwa kuwa hatari kwa amani na usalama wetu. Kwamba makoloni yaliyokuwapo hayataguswa. Na kwamba Marekani, kwa upande wake, haitajitia katika vita vya Ulaya vinavyohusu mambo ya Ulaya yenyewe.

Hayo ndiyo yote. Tangu siku ile hapana neno lililoongezwa katika maandishi hayo wala lililofutwa, na hata hivyo yametumiwa kukataza uvamizi na kuhalalisha uvamizi, kulinda mipaka ya jirani na kumnyang'anya jirani nchi yake. Wanahistoria wameyaeleza mambo haya mara nyingi kama habari ya nguvu iliyokua. Hapana shaka nguvu ilikua. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha liko jambo jingine la kutazamwa, nalo ni kwamba kilichobadilika chini ya kila Rais ni aina ya usemi. Maneno yaliyoanza yakiwa tamko yaligeuka kuwa kanuni, kisha yakawa hati ya mamlaka, na katika kila hatua waliohusika kwa karibu mno, yaani mataifa ya kusini, hawakuulizwa.

Mwenye kuyatafsiri maneno hayo kwa Kiswahili hukutana mapema na fundo ambalo Waingereza hawalioni. Kwa Kiingereza ile nchi na yale mabara hushirikiana jina moja, na asemaye jambo kuwa ni la Kiamerika aweza kuwa na maana ya serikali ya Washington peke yake, au ya ardhi yote tangu Alaska hadi Tierra del Fuego. Kiswahili kimekwisha kuzitenga maana hizo: Marekani ni ile nchi, Amerika ni mabara. (Jina la Marekani lilizoeleka pwani pamoja na kitambaa, ile merikani iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts.) Basi mfasiri hana budi kuchagua kila mahali, na kila achaguapo ameamua jambo ambalo marais waliliacha likining'inia kwa faida yao. Kadhalika neno "wetu". Amani yetu ni ya nani? Katika kifungu hicho hicho Monroe awataja ndugu zetu wa kusini. Ziko lugha duniani zenye "sisi" mbili, moja inayomtia msikilizaji ndani na nyingine inayomwacha nje. Kiingereza si mojawapo, wala Kiswahili. Laiti taarifa ile ingeandikwa kwa lugha ya namna hiyo, sehemu kubwa ya mabishano ya miaka 200 isingekuwapo.

Aliyetunga kifungu cha kwanza, na aliyeshauri sana katika vingine, alikuwa John Quincy Adams, Waziri wa Mambo ya Nje, mzaliwa wa Massachusetts. Mambo mawili yalikuwa yakimsumbua. Mwaka 1821 Mfalme wa Urusi alitoa amri ya kudai pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika hata kufika latitudo ya 51. Na mwaka 1823 majeshi ya Ufaransa yaliingia Hispania kumrudishia Mfalme Ferdinand mamlaka yake yote, ikahofiwa kwamba baada ya hapo yangevuka bahari kuyarudisha makoloni ya Hispania yaliyojikomboa. George Canning, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitaka mataifa yao mawili yatoe tamko kwa pamoja. Marais wastaafu Jefferson na Madison walipoulizwa waliona vema kukubali. Adams alikataa. Aliwaambia mawaziri wenzake kwamba ni heshima zaidi kuwaeleza Warusi na Wafaransa msimamo waziwazi kuliko kuja kama mtumbwi unaofuata nyuma ya manowari ya Mwingereza.

Maneno ya kishujaa, lakini bahari ilibaki ya Mwingereza, na ni manowari zake zilizowazuia wafalme wa Ulaya kuliko karatasi ya Monroe. Ndiyo sababu usemi wa 1823 wastahili kuitwa tamko, na si zaidi. Tamko humfungulia mtu kinywa, halimfungi mkono. Jambo hili lilidhihirika upesi. Mwaka 1824 serikali ya Kolombia iliuliza kama Marekani ingekuwa tayari kufunga mapatano ya kulindana, kwa mujibu wa maneno ya Rais. Adams akajibu kwa kukwepa: mambo ya vita ni ya Bunge kuamua. Na mwaka 1833 Uingereza ilipoitwaa Visiwa vya Falkland mbele ya macho ya Argentina, Washington haikusema neno.

Aliyeyaamsha maneno hayo ni James Polk, katika taarifa yake ya tarehe 2 Desemba 1845, miaka 22 kamili baadaye. Polk aliyasoma kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Aliyapunguza, kwa kuyaelekeza hasa Amerika ya Kaskazini, walikokuwa Waingereza wa Oregon. Na aliyapanua, kwa kusema kwamba watu wa bara hilo wakitaka kujiunga na Marekani, basi Ulaya haina haki hata ya kusema neno. Texas ilikuwa mlangoni. Mwaka 1848 akaenda mbele zaidi. Watawala wa Yucatán, waliokuwa wakizidiwa na maasi ya Wamaya, walikuwa wameitoa nchi yao kwa dola lolote litakalowaokoa, Marekani, Hispania au Uingereza. Polk akatangaza kwamba nchi hiyo haiwezi kupewa dola la Ulaya, ijapokuwa kwa hiari ya wenyewe. Monroe alikataza kuchukua. Polk alikataza kutoa. Na mwezi Februari mwaka huo huo Mexico ilikuwa imetia sahihi mkataba wa kuiachia Marekani nchi kubwa kutoka Texas hata bahari ya Pasifiki. Hapana Mzungu wa Ulaya aliyehusika katika jambo hilo, basi maneno ya Monroe hayakuvunjwa. Twaona hapa kwa mara ya kwanza umuhimu wa lile wasemalo wanasarufi, kwamba sentensi ikataza tu kile ikitajacho.

Ni katika miaka ya 1850 jina lilipotokea, jina la Kiingereza ambalo Kiswahili hakijapata neno moja la kulikabili. Wengine huandika "fundisho", lakini neno hilo lina harufu ya kanisani na darasani, na Monroe hakuwa akimfundisha mtu. "Itikadi" ni jambo lililofungwa moyoni, na mtu aweza kuwa nalo bila kulitamka. Waarabu wamechukua "mabda", yaani mwanzo au msingi, nao wamefanya vema. "Azimio" ni neno zuri, ila tangu 1967 hapana asikiaye neno hilo Tanzania asisikie na Arusha ndani yake. Tena azimio humfunga kwanza yule aliyeazimia. Pengine "kanuni" ndilo linalofaa kwa hali iliyokuwapo baada ya Polk, kwa sababu lina sura mbili zinazotakiwa: utaratibu wa mtu mwenyewe, na sheria juu ya wengine.

Sura ya kwanza isisahauliwe. Nusu ya maneno ya 1823 iliifunga Marekani yenyewe isijitie katika mambo ya Ulaya, na kwa muda mrefu nusu hiyo ilishikwa kwa dhati. Wajumbe wa Marekani walihudhuria Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao mapatano yake yalihusu bonde la Kongo na biashara hata pwani ya Afrika ya Mashariki, nao wakatia sahihi. Grover Cleveland aliposhika urais mwezi Machi 1885 hakuyapeleka mapatano hayo mbele ya Seneti, kwa kuwa aliona yangeingiza nchi yake katika mafungamano ya mbali. Nusu hiyo ya kujifunga ilikufa Aprili 1917, Marekani ilipoingia katika vita vya Ulaya. Nusu ya kuwafunga wengine haikufa pamoja nayo, na ni nadra kumkuta mwanasiasa aliyeuliza kwa nini.

Cleveland huyo huyo, aliporudi madarakani, ndiye aliyeifanya kanuni kuwa madai. Venezuela ilikuwa ikigombea mpaka na koloni la Waingereza la Guiana. Tarehe 20 Julai 1895 Richard Olney, Waziri wa Mambo ya Nje, alipeleka London barua ambayo ndani yake alidai kwamba Marekani ndiyo yenye enzi katika bara hilo, na amri yake ni sheria katika mambo iyaingiliayo. Lord Salisbury alijibu kwamba kanuni ya Monroe haimo katika sheria za mataifa, na kwa upande wa sheria alikuwa na haki. Lakini Uingereza ilikuwa na matatizo kwingine, ikakubali usuluhishi. Waamuzi watano walikutana Paris mwaka 1899: Waingereza wawili, Wamarekani wawili, na Mrusi mmoja mwenyekiti. Hapakuwa na Mvenezuela hata mmoja kati yao, na hata wakili mkuu wa Venezuela alikuwa Benjamin Harrison, Rais wa zamani wa Marekani. Sehemu kubwa ya nchi iliyogombewa ikapewa Waingereza. Venezuela baadaye iliikana hukumu hiyo, na shauri la Essequibo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2018.

Hatua iliyofuata ndiyo kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa 1902 manowari za Ujerumani, Uingereza na Italia ziliizingira pwani ya Venezuela kwa sababu ya madeni. Luis María Drago, Waziri wa Mambo ya Nje wa Argentina, aliandika kwamba deni la serikali lisiwe sababu ya kuleta majeshi ya Ulaya katika ardhi ya Amerika. Hilo lilikuwa pendekezo la kuifanya kanuni ya Monroe kuwa sheria ya wote. Theodore Roosevelt alichukua tatizo lile lile akalitatua kwa njia nyingine. Katika taarifa yake ya tarehe 6 Desemba 1904 alisema kwamba taifa likosalo mara kwa mara, au lililo dhaifu hata likashindwa kutunza utaratibu, laweza kuhitaji kuingiliwa na taifa lililostaarabika. Na kwamba katika nusu ya dunia ya magharibi kushika kwake kanuni ya Monroe kwaweza kuilazimisha Marekani, japo haipendi, kufanya kazi ya polisi wa kimataifa. Mwaka uliofuata maofisa wa Marekani waliishika forodha ya Dominika: asilimia 55 ya mapato ikaenda kwa wadai, na 45 kwa serikali ya nchi.

Usemi huo wa Roosevelt umepewa kwa Kiingereza jina lililotoka katika jiometri. Katika elimu hiyo ni jambo litokalo lenyewe katika kanuni iliyokwisha kuthibitishwa, bila ya kuhitaji ushahidi mpya. Kiswahili cha siku hizi husema "nyongeza ya Roosevelt". Tofauti yake si ndogo. Aliyesema "tokeo" amekubali kwamba polisi wa 1904 alikuwa amejificha ndani ya maneno ya 1823 akingojea kutolewa. Aliyesema "nyongeza" amekubali kwamba mtu alileta kitu kutoka nje akakitia. Neno la Kiswahili ni la kweli zaidi. Monroe alimwambia mgeni asiingie katika nyumba ya jirani. Roosevelt alisema kwamba kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia, basi ni lazima mwenyewe aingie.

Chini ya Taft na Wilson kuingia huko kulizoeleka. Askari wa majini walitua Nicaragua mwaka 1912. Haiti ikashikwa tangu 1915 hata 1934, na Dominika tangu 1916 hata 1924. Wilson ni mtu wa kustaajabiwa katika habari hii, kwa maana huku majeshi yake yakikaa Port-au-Prince, tarehe 22 Januari 1917 aliliambia Baraza la Seneti kwamba kanuni ya Rais Monroe yafaa iwe kanuni ya dunia nzima, taifa lolote lisijaribu kutandaza utawala wake juu ya lingine. Vita vilipokwisha, kanuni hiyo ikatajwa kwa jina katika kifungu cha 21 cha mkataba wa Shirikisho la Mataifa, kuwa miongoni mwa mapatano yasiyoguswa na mkataba huo.

Hapo ndipo lilipotokea tukio ambalo wanafunzi wa lugha wangefaa kulijua kuliko wengi wanavyolijua. Mwezi Desemba 1919 serikali ya El Salvador, nchi ndogo kupita zote za bara la Amerika, iliiandikia Washington kuuliza maana. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tukijiunga na Shirikisho tutakuwa tumekubali kanuni ya Monroe, kanuni hiyo imefasiriwa kwa namna nyingi, basi na mwenye nayo aseme ni nini. Jibu lilikuwa kuwaelekeza kwenye hotuba ambayo Wilson alikuwa ameitoa Januari 1916 mbele ya mkutano wa wataalamu wa nchi za Amerika. Na katika hotuba hiyo Wilson alikuwa amekiri kwamba kanuni ya Monroe iliwataka Wazungu wa Ulaya wasieneze mifumo yao, lakini haikudhihirisha Marekani ingetumiaje nguvu zake upande wake wa bahari. Yaani aliyeuliza maana alijibiwa kwa maneno yanayosema kwamba maana haikufunuliwa. Mexico haikuuliza, ilipojiunga na Shirikisho mwaka 1931 ilitangaza tu kwamba haijapata kuitambua kanuni hiyo. Na Charles Evans Hughes, Waziri wa Mambo ya Nje, katika hotuba ya kuadhimisha miaka 100 mwaka 1923, alikuwa amekwisha kuondoa shaka: kuieleza, kuifasiri na kuitumia ni haki ya Marekani peke yake.

Ajabu ni kwamba pingamizi kubwa lilitoka ndani ya wizara hiyo hiyo. J. Reuben Clark, ofisa wake, alimaliza tarehe 17 Desemba 1928 maelezo ya kurasa zaidi ya 200, yaliyochapishwa mwaka 1930. Alifanya kazi ambayo kila mhariri wa maandishi ya kale aijua: aliondoa yaliyotiwa na wanakili akarudi kwenye maneno ya mwanzo. Akaona kwamba tamko la 1823 ni shauri kati ya Marekani na Ulaya, wala si kati ya Marekani na majirani zake wa Amerika, na kwamba usemi wa Roosevelt haukuwamo humo. Clark hakusema kwamba kuingilia nchi nyingine kumeharamishwa. Alisema tu kwamba atakaye kuingilia atafute hoja nyingine, kama ile ya kujilinda nafsi. Franklin Roosevelt alikwenda mbele zaidi kwa kuliacha jina lenyewe na kusema badala yake juu ya ujirani mwema, na mwezi Desemba 1933 huko Montevideo Marekani ilitia sahihi mkataba unaokataa haki ya taifa lolote kuingilia mambo ya lingine.

Baada ya vita vya pili vya dunia neno lililofufuliwa si "ukoloni" bali "mfumo". Monroe alikuwa akiwafikiria wafalme; lakini neno lake lilikuwa pana kiasi cha kumpokea mgeni mpya. Mwezi Juni 1954 serikali ya Jacobo Árbenz wa Guatemala ilipoangushwa kwa msaada wa siri wa Marekani, John Foster Dulles, waziri wa Eisenhower, alisema kwamba Moscow inaipinga kanuni ya Monroe, kwa kuwa ukomunisti ni mfumo wa kigeni. Hapa hapakuwa na haja ya meli wala jeshi kutoka Ulaya. Wazo lenyewe lilikuwa limehesabiwa kuwa mvamizi. Mwezi Julai 1960 Khrushchev alitangaza kwamba kanuni hiyo imekufa na izikwe. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani liliitaja katika azimio lake juu ya Cuba, bali John Kennedy, katika hotuba yake ya tarehe 22 Oktoba 1962 juu ya makombora ya Kirusi, hakumtaja Monroe hata mara moja. Alitegemea mkataba wa Rio de Janeiro wa 1947, ambao nchi za kusini zilikuwa zimeutia sahihi zenyewe. Kwa mwenye kutafuta tofauti kati ya tamko la mmoja na mapatano ya wengi, mfano huo watosha.

Yaliyofuata yaweza kusemwa kwa ufupi. Tarehe 18 Novemba 2013 John Kerry, waziri wa Obama, aliwaambia wajumbe wa Jumuiya ya Nchi za Amerika kwamba zama za kanuni ya Monroe zimekwisha. Mwezi Februari 2018 Rex Tillerson, waziri wa Trump, alisema kwamba yafaa leo kama ilivyofaa siku ilipoandikwa. Na hati ya usalama wa taifa iliyotolewa na serikali ya Trump mwishoni mwa 2025 yatangaza "nyongeza ya Trump", inayokusudia kuyazuia madola yasiyo ya nusu hiyo ya dunia yasiweke majeshi wala kumiliki mali za maana huko. Katika hati hiyo ukoloni umeacha kuwa bendera na umekuwa bandari na migodi. Mfasiri atakayeigeuza kwa Kiswahili ataliona lile neno la jiometri limerudi, safari hii likitumiwa na serikali yenyewe juu ya usemi wake, na itampasa kuchagua upya kati ya "tokeo" na "nyongeza".